Roboti Iliyomfuata Jaji

Mwanafunzi akiambiwa aunde roboti, kitu cha kwanza anachochora ni mkono. Magurudumu yatatafutwa baadaye. Betri itapatikana, Mungu yupo. Lakini mkono lazima uwepo, tena wa kupungia watu, na macho mawili ya taa nyekundu ya kumtisha mpinzani.

Kazi ya mashindano waliyopewa vijana wa klabu yetu ya roboti ya Kangemi, Nairobi, haikuhitaji mkono hata kidogo. Roboti ilitakiwa kufuata mstari mweusi kwenye ubao mweupe, basi. Niliposema hivyo niliulizwa, kwa adabu zote, "Sasa mwalimu, majaji wataona nini?"

Tukateremka mjini hadi Luthuli Avenue kununua vifaa. Tangu mtaa huo utengenezwe upya mwaka 2019 una nafasi ya kutembea, ila spika za madukani bado hukulazimu kununua kwa ishara. Muuzaji alitupa bodi ya Arduino ya kuwa ubongo wa roboti, mota na kidhibiti mota cha L298N, akiapa kuwa kila kimoja ni orijino. Sikumbishia. Kidhibiti hicho, hata kikiwa orijino, hujikatia ushuru wa takriban volti 2 kabla mota haijaonja kitu. Betri zetu mbili za lithiamu, zilizong'olewa kwenye laptopu mbovu, zilikuwa na volti 7.4 kwa jumla. Ongeza mkono hapo! Kila ulipoinuka, mota yake ilivuta umeme kwa pupa, volti zikaanguka, bodi ikazimika na kuanza upya. Roboti ikawa inapunga, inazirai, inazinduka, inapunga tena. Fundi mkuu, wa Kidato cha Pili, alinieleza kuwa hiyo ni heshima.

Siku ya mashindano, kwenye matatu ya kwenda Westlands, makanga aliitazama roboti akauliza, "Hii italipa kiti ama utaipakata?" Nikaipakata.

Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa, na hapo ndipo jua lilipoingilia mambo yetu. Vihisi vya roboti hurusha mwanga wa infraredi na kupima unaorudi: weupe huurudisha, weusi huumeza. Jua nalo lina infraredi tele, kwa hiyo vihisi vyetu vilipofushwa, vikaona ubao mzima ni mweupe. Jaji akasogea aone kulikoni. Kivuli chake kikaanguka ubaoni. Roboti, kwa furaha ya kupata hatimaye kitu cheusi, ikamwendea. Jaji akarudi nyuma, nayo ikafuata. Akahamia kushoto, nayo ikakata kona. Ilipofika ukingoni, uzito wa ule mkono uliinamisha kichwa ikaanguka kifudifudi, taa nyekundu zikiwaka.

Iliyoshinda ilikuwa na sura ya debe lililokanyagwa. Betri zilikuwa chini kabisa, vihisi vimevishwa kofia ya kadibodi kuzuia jua, na ilitambaa polepole hadi mwisho wa mstari bila kumsalimu mtu.

FIRST, shirika la mashindano lililoanzishwa na Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989, lina daraja moja la mashindano ambamo roboti lazima ianze ikiwa imeenea ndani ya inchi 18 kila upande. Naipenda mno kanuni hiyo, maana hukata mikono mingi kabla haijazaliwa.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikuomba pesa za roboti, mnunulie betri mpya na kadibodi kwanza. Habari ya mkono mwambie mtaizungumza mwakani.