Mjomba, Ndege Haina Keria

Mtu akikwambia anasomea urubani wa kujifurahisha, usimuulize ataruka lini. Muulize ana kilo ngapi. Akikunja uso, jua masomo yameanza kweli.

Mimi hamu hiyo ilinishika ukubwani, umri ambao wenzangu hununua ploti Kitengela. Kwanza nilivutiwa na wale wanaojirusha kwenye kingo za Bonde la Kerio wakiwa wamefungwa kwenye mwavuli, wakaelea. Mke wangu aliitazama picha yao, akauliza, "Injini iko wapi?" Nikasema haina. "Na kiti?" Hakuna cha maana. Akarudi kukata sukuma wiki, na mjadala ukafungwa. Helikopta nayo ilijiondoa yenyewe nilipotajiwa bei ya saa moja. Ikabaki leseni ya rubani binafsi, ile ya ndege ndogo: uwe umetimiza miaka 17, daktari aliyeidhinishwa akupime macho, masikio na moyo, ufaulu mitihani ya nadharia, kisha uruke saa zisizopungua 40, baadhi yake ukiwa peke yako. Gharama ya hizo saa 40 nilimpasulia mke wangu kidogo kidogo, kama mtu anavyopewa habari za msiba.

Ndivyo nilivyotua Wilson, Nairobi, uwanja wenye jina la Florence Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na huko ndiko taabu ya kilo inakoanzia. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la saa sita huizidishia wepesi, hata injini ikapungukiwa nguvu na mabawa yakakosa cha kuegemea. Cessna 152 tuliyofunzwa nayo ina viti viwili, na haitakiwi kuzidi kilo 757 inapopaa. Yenyewe tupu ni karibu kilo 500. Zinazobaki tuligawana watatu: mkufunzi, mimi na petroli. Mkufunzi alikuwa mtu wa mwili, nami upepo haunipeperushi. Kila siku aliyepunguzwa ni petroli, kwa kuwa ndiyo pekee isiyonuna. "Ukiongeza chapati," mkufunzi akisema huku akijaza karatasi ya uzito, "unapunguza dakika za kukaa juu."

Kabla ya kuruka, ndege hukaguliwa kwa mkono kutoka pua hadi mkia. Unachuchumaa chini ya bawa, unakinga petroli kwenye kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, unakiinua juu. Petroli ya ndege hizi ina rangi ya samawati. Maji yakiwa yameingia tangini, huzama chini ya kikombe, yakakaa pale kama tone lisilo na rangi. Ukiyaona, unamwaga na kukinga tena mpaka ije samawati tupu. Siku moja mlinzi aliniangalia nikifanya hivyo, akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nauza.

Ikifika Julai, mawingu ya Nairobi hushuka asubuhi yakakaa chini kabisa. Unatoka nyumbani gizani kuikimbia foleni ya Lang'ata Road, unafika mapema, na mkufunzi anatazama juu, anatikisa kichwa, anarudi kwenye chai yake. Mawingu yakiinuka, upepo umeamka. Pale kwenye chai ndipo nilipofahamu kwamba urubani, zaidi ya kitu kingine, ni elimu ya kukataa. Unakataa mawingu, unakataa upepo, unakataa mzigo. Na hapo mtu wa kwetu hupata shida, maana tumelelewa tukijua kwamba kwenye gari la watu watano, wa sita hakosi pa kujibana.

Siku ya kuruka peke yangu, mkufunzi alishuka, akafunga mlango, akanipungia. Ndege ilinyanyuka mapema kuliko nilivyozoea, ikapanda kwa furaha isiyo ya kawaida. Ndipo nikajua ni sehemu gani ya karo yangu iliyokuwa ikienda kumnyanyua yeye. Nilipotua, wenzangu wakanimwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi.

Leseni ilipotoka, habari zilifika Mombasa siku hiyohiyo. Mjomba akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wiki ijayo niko Nairobi. Utanirudisha Mombasa, mimi na magunia yangu mawili ya viazi."

Nikamweleza kwa adabu kwamba leseni hii hainiruhusu kubeba abiria kwa malipo.

"Nani kakwambia nitakulipa?"

Nikamwambia viti ni viwili, na kimoja ni changu.

"Sawa, mimi nitakaa hicho kingine. Viazi vitakaa juu."

"Mjomba, ndege haina keria."

Simu ikanyamaza. Nikaitumia nafasi hiyo kumsomea somo zima: kilo 757, petroli, hewa nyepesi, jua la saa sita. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyosikiliza mimi darasani.

"Gunia moja kilo 50," akasema. "Mawili mia. Na mimi?"

"Mjomba, wewe ni tisini na kitu."

Nikamsikia akipiga hesabu kwa midomo.

"Basi mimi nitapanda treni. Viazi ndivyo vitakaa kitini pangu. Na uondoke asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali."