Barua ya wazi kwa mkopeshaji aliyeiweka timu yake rehani

Bwana Mat Ishbia,
Mmiliki, Phoenix Suns,
Phoenix, Arizona, Marekani.

YAH: USAJILI WA KIANGAZI CHA 2025 NA HATIMA YA TIMU

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa kubana matumizi. Msimu wa 2024–25 timu yako ilikuwa ghali kuliko zote katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kodi ya anasa peke yake, ile wanayotozwa matajiri wanaovuka kiwango cha mishahara, ilizidi dola milioni 150. Kwa fedha hizo ulipata ushindi 36, vipigo 46 na nafasi ya 11 katika Kanda ya Magharibi. Ligi yenu ina huruma sana: hata aliyeshika nafasi ya 10 hupewa mechi ya mchujo ajaribu bahati yake. Wa 11 anakwenda nyumbani. Dola milioni 150 ni nauli kubwa mno kwa mtu anayekwenda nyumbani.

Sisi tunaoifuata Phoenix kutoka Afrika Mashariki, saa moja yenu ya jioni hutukuta saa kumi na moja alfajiri. Sisemi hivyo kwa kudai fidia. Nasema tu kwamba mtu anayedamka kabla ya adhana ili atazame timu isiyokaba ana haki ya kuuliza swali moja: baada ya pilikapilika zako zote za kiangazi hiki, timu itakuwa bora kuliko ilivyokuwa?

Kabla hujajibu, nakukumbusha kazi yako. Wewe ndiwe mkuu wa United Wholesale Mortgage, moja ya kampuni kubwa kabisa za mikopo ya nyumba Marekani. Hakuna binadamu anayelijua neno rehani kukuzidi. Akija mtu ofisini kwako akasema anataka kuweka rehani nyumba ya baba, ya babu na ya wajukuu ambao hawajazaliwa ili anunue gari la kifahari lenye umri mkubwa, nina hakika karani wako atamwomba akapumzike kwanza, arudi kesho.

Lakini Februari 2023 hukuwa na karani. Ulichukua timu kwa thamani ya dola bilioni 4, na kabla wino haujakauka ukaipigia simu timu ya Brooklyn. Ukampata Kevin Durant, mfungaji wa kutisha, akiwa na miaka 34. Ukawatoa Mikal Bridges, Cameron Johnson na Jae Crowder. Juu yao ukaongeza machaguo manne ya raundi ya kwanza, ya 2023, 2025, 2027 na 2029, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2028. Kwa wasomaji waliozoea soka: chaguo ni haki ya timu kujichukulia kijana bora anayeingia ligi. Wanaofanya vibaya huchagua mapema, wanaofanya vizuri huchagua mwishoni, na ndivyo ligi inavyozuia tajiri mmoja kutawala milele. Ukiuza machaguo yako, umewauza vijana usiowajua bado.

Juni ya mwaka huo huo ukamwongeza Bradley Beal, ukamwachia Chris Paul aende zake, na rundo la haki za kubadilishana nafasi likaondoka naye. Beal alikuja na mkataba wenye kipengele cha nadra sana NBA: haondoki mpaka atake mwenyewe. Kwa lugha ya kampuni yako, ulinunua nyumba iliyo na mpangaji asiyeweza kuhamishwa, tena wewe ndiye unayemlipa kodi.

Matokeo unayajua. Mwaka 2024 Minnesota waliwafagia 4 kwa 0 katika raundi ya kwanza. Mwaka 2025 hamkufika hata kwenye kufagiwa. Kocha Monty Williams alifukuzwa, Frank Vogel akafukuzwa, Mike Budenholzer akafukuzwa. Jordan Ott atakuwa kocha wa nne katika misimu minne, na namwombea mwenye nyumba wake asimdai kodi ya mwaka mzima.

Sasa tufuate safari ya chaguo moja tu, lile la 2025, maana ndani yake kuna historia yote ya utawala wako. Ulilipeleka Brooklyn kama sehemu ya bei ya Durant. Brooklyn wakaliuza Houston. Likakaa Houston likisubiri, na timu yako, kwa bidii zake zote, ikashindwa kiasi cha kulifanya liwe namba 10. Kiangazi hiki ukampeleka Durant Houston. Wakakupa Jalen Green, Dillon Brooks, machaguo matano ya raundi ya pili na, juu ya yote, chaguo namba 10. Lako mwenyewe! Ulitoa chaguo ukapata Durant, kisha ukatoa Durant ukapata chaguo. Uhamisho huo ulipokamilika Julai ulikuwa umekusanya timu saba, jambo ambalo ligi ilikuwa haijawahi kuliona. Timu saba zilihitajika ili kitu kirudi kilikotoka.

Hapo naomba niweke kejeli pembeni kidogo, kwa sababu kijana mliyemchukua kwa chaguo hilo ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala. Mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Uganda katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka huo huo akawa Paris kwenye Olimpiki na Sudan Kusini akiwa na miaka 17. Baadaye akapita Duke. Ana urefu wa takriban mita 2.18 na mikono inayofika mahali ambapo wengine hufika kwa ngazi. Kampala, Juba, Nairobi na Dar es Salaam sasa wana sababu yao ya kuamka alfajiri. Kwa hili, Bwana Ishbia, asante, hata kama ulilifikia kwa kuzunguka dunia nzima.

Kejeli imerudi. Usiku ule ule wa kumpata senta kutoka Duke, mlimpata senta mwingine aliyetoka Duke: Mark Williams wa Charlotte. Ni mchezaji mzuri akiwa mzima. Februari 2025 Lakers walishakubaliana kumchukua, wakampima afya, wakamrudisha. Nyinyi mkamtolea machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Na machaguo hayo yalitoka wapi? Januari 2025 mlikuwa mmechukua chaguo lenu la 2031, noti kubwa ya mwisho iliyobaki mfukoni, mkaenda kuichenji Utah mkapewa noti ndogo tatu. Mbili kati ya hizo zimemfuata Williams. Kijana atakayevaa jezi ya wengine mwaka 2031 pengine yuko darasa la sita sasa hivi. Msalimie.

Tuingie uwanjani. Devin Booker amebaki, na Julai mlimwongezea miaka miwili kwa dola milioni 145. Sina neno, mtu aliyefunga pointi 70 Boston akiwa bado kijana mdogo anastahili heshima. Green naye ni mfungaji, anaruka, anakimbia, ila naye anautaka mpira mkononi. Tyus Jones, aliyekuwa akiupanga mchezo, ameondoka kwenda Orlando. Hivyo mna wapishi wawili wa pilau na hakuna wa kukata vitunguu. Ukabaji utapanda, hilo nakubali: Brooks anakaba kama anayedai deni, na mashabiki wa Phoenix waliokuwa wakimzomea watagundua ghafla kwamba kumbe ni mtu mwema. Vijana pia watarudi nyuma kukaba, jambo ambalo msimu uliopita lilikuwa hiari.

Na Beal? Huyo ndiye fundisho lako la kitaaluma. Alibakiwa na miaka miwili na karibu dola milioni 110. Akasamehe kama milioni 14, akaondoka kwenda Clippers, na zilizobaki mkazigawa kwa miaka mitano. Mpaka msimu wa 2029–30 kila mwaka zaidi ya dola milioni 19 za nafasi ya mishahara yenu zitakuwa za mtu anayecheza, au aliyewahi kucheza, Los Angeles. Nakiri kwamba kwa hesabu za mwaka huu ilisaidia: mmeshuka chini ya mstari wa kodi ya anasa, na milango ya usajili iliyokuwa imefungwa na kanuni za ligi imefunguka. Mkopeshaji amekuwa mkopaji, na kwa mara ya kwanza amesoma masharti.

Kuna jambo dogo la utawala. Wewe ulisoma Michigan State na ulikuwa benchi walipotwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2000. Meneja mkuu mpya, Brian Gregory, aliwahi kuwa kocha msaidizi hapo. Kocha Ott, kabla ya kupitia timu kadhaa na hatimaye Cleveland, alishughulikia video hapo hapo. Sisemi hawafai, Ott anasifiwa na waliofanya kazi naye. Ila sisi wa huku tumelelewa katika ofisi ambazo kila mtu alisoma na bosi, na tunazijua hata kwa harufu.

Nisikuonee. Mwaka 2023 uliziweka mechi kwenye televisheni ya bure, wakati wenzako wengi walizifungia kwenye king'amuzi cha kulipia. Uliweka soseji ya dola mbili uwanjani. Wamiliki wachache hukumbuka kwamba shabiki ana tumbo.

Lakini shabiki huyo amesubiri tangu 1968. Mwaka 1969 timu ilipoteza kura ya kurusha sarafu, Milwaukee wakamchukua kijana ambaye baadaye dunia ilimwita Kareem Abdul-Jabbar, na miaka miwili baadaye wakawa mabingwa. Phoenix walifika fainali 1976, 1993 na 2021, wakapoteza zote. Ile ya mwisho wakiwa wameongoza 2 kwa 0. Kombe halijawahi kufika.

Jibu langu kwa swali langu ni hili. Ushindi utakuwa pale pale, thelathini na kitu, labda zaidi kidogo kwa sababu vijana hukimbia. Kilichopungua ni gharama. Timu nyingine ikifika hapo huamua kushindwa kwa makusudi mwaka mmoja au miwili ili ichague mapema. Nyinyi hamna hata ruhusa hiyo: hadi 2031 hakuna mwaka ambao kushindwa kwenu kutawafaidisha nyinyi. Mkishindwa, wanaosherehekea ni waliowashikia hati. Ndiyo maana siwezi kukuambia ubomoe ujenge upya. Kiwanja si chako. Kilichobaki ni kulea kidogo ulichonacho, polepole, kazi ambayo katika miaka hii miwili na nusu hujaonyesha kuipenda.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, chaguo la 2032 lisiguswe, hata likiulizwa kwa heshima. La pili: Februari ijayo, kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, simu italia. Atakuwa meneja wa timu fulani mwenye nyota wa miaka 33, goti moja zima, mkataba mnono. Atamtaja Maluach. Usipokee. Mwache kijana acheze.

Wako katika ujenzi wa timu,
Shabiki wa alfajiri,
Dar es Salaam.