Miti Saba ya Maua Uani Garissa, Kuanzia Mkiani

Garissa hupata mvua ya milimita 300 na ushei kwa mwaka, na mchana joto hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Mto Tana uko karibu, lakini ukichimba kisima mbali nao, maji mara nyingi huja na chumvi. Kisha kuna mbuzi. Hata hivyo ua unaweza kuchanua, mradi uchague mti unaoijua shida hii. Mwenye kubisha mpangilio wangu na abishe, ila kwanza amimine shaah, chai yetu.

7. Mathenge. Umejialika wenyewe, kama kawaida yake. Uliletwa Kenya miaka ya 1970 ili kukabiliana na ukame, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu. Nyuki wanaupenda sana. Sawa, lakini nyuki hawanunui matairi yanayotobolewa na miiba yake! Ukiona mche, ng'oa leo na mzizi wake. Ukingoja, utaazima shoka.

6. Boganvilia. Ikijaa majani bila maua, umeimwagilia kupita kiasi. Iache ione kiu. Tusonge.

5. Mkrismasi. Asili yake Madagaska, na Desemba huwaka mwekundu hadi wapita njia husimama. Lakini mizizi yake hutambaa juu juu na ina nguvu. Abti, mjomba wangu, ukiupanda chini ya dirisha, siku moja mti huo utapiga hodi ukiwa umekuja kulala chumbani. Upe nafasi mbali na ukuta na tangi la maji. Mimi ningeuchagua ndugu yake, ambao Wasomali huuita lebi: maua meupe yanayogeuka manjano, mwenyeji wa nyanda hizi, na hauhitaji kubembelezwa kwa ndoo.

4. Waridi la jangwani. Shina nene, maua ya waridi wakati miti mingine imekata tamaa. Utomvu wake ni sumu, kwa hiyo nawa mikono ukishaukata, na uupande mahali watoto wadogo hawachezi. Kinachouua uani ni huruma: maji ya kila siku huozesha mzizi.

3. Lagestromia. Hapa nakaa kidogo. Kuna ndugu zetu waliokaa Atlanta au Houston, wanarudi na picha za mitaa mizima yenye maua ya waridi, meupe na zambarau, wanauliza, "Abti, huu utaota Garissa?" Utaota, lakini una masharti.

Kwao ni China na nchi za jirani. Jina ulipewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea, kwa heshima ya rafiki yake Magnus von Lagerström, Mswidi mwenzake. Mti huu unataka jua tupu, saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini hupata ukungu mweupe kwenye majani na maua huwa haba. Jua tunalo, tena la kugawia majirani! Hewa yetu kavu nayo huuzuia ukungu huo.

Taabu ni udongo wa chokaa na maji ya chumvi. Jani likiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mti unakosa chuma. Tumia maji ya mto, changanya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, tandaza majani makavu juu ya udongo bila kugusa shina. Miaka miwili ya kwanza, mwagilia kwa nadra lakini maji yashuke chini. Kikombe cha kila jioni hufundisha mizizi uvivu.

Kuhusu kupogoa, niwe mkali. Maua yake hutoka kwenye matawi mapya ya msimu huohuo, basi kata mwishoni mwa Jilaal, kiangazi chetu, kabla mvua za Gu hazijaanza Machi. Toa vijiti vilivyokufa, machipukizi ya chini na matawi yanayosuguana, basi! Wamarekani wengi hukata vigogo vyote kwa urefu mmoja, mti ukabaki na mafundo na fito dhaifu zinazolala chini kwa uzito wa maua. Na gome lake laini linalobanduka mabaka mabaka ni pambo la mwaka mzima. Kwa nini umkate mrembo shingo?

2. Mkomamanga. Huu na lagestromia ni wa familia moja kabisa. Tazama petali za wote wawili, zimekunjamana kama shashi iliyokaa mfukoni. Ua ni jekundu, tunda lipo, na chumvi kiasi huivumilia. Tunda likipasuka mtini, usimsingizie jirani jicho: umeuacha ukauka, kisha ukaumwagia pipa zima.

1. Mhina. Wa tatu katika familia hiyohiyo, na huu uko kwetu tayari. Humea wenyewe kando ya laga, haukuhitaji pasipoti. Maua yake madogo meupe hayashindi lagestromia kwa rangi, lakini jioni harufu yake huingia nyumba nzima. Huwa ua wa kuzungushia boma, kwa kuwa matawi yake yakikomaa huota miiba, na ukiukata huchipua kwa hasira.

Chukua kipandikizi cha unene wa kalamu, kichomeke mvua inapoanza, kizungushie matawi ya mgunga mbuzi wasikuwahi. Mwaka wa kwanza usiuchume. Baadaye kausha majani kivulini, twanga, chekecha. Joto hili tunalolilaumu ndilo hukoleza rangi ya hina. Bibi harusi akija na sinia, mwache achume kwenye ncha: anakupogolea bure. Ila panda mitatu, maana msimu wa harusi, mmoja haubaki na jani.