Farasi Aliyeota Kutu

Ingia katika duka lolote la dawa za mifugo huku Limuru useme unatafuta madini yasiyo na chuma, utatazamwa kama mtu aliyeagiza chai isiyo na maji. Nchi nzima imeshakubaliana kwamba chuma ndicho damu, damu ndiyo nguvu, na nguvu ndiyo inayomtoa mteja nyumbani. Msichana wa kaunta, ambaye sote tunamwita daktari ingawa mwenyewe hajawahi kudai cheo hicho, alinisikiliza kwa adabu, akapotelea nyuma ya magunia, akarudi na kopo lenye picha ya fahali aliyetunisha misuli.

"Hii, mzee, ina chuma mara mbili," akasema, kwa fahari ya mtu anayekupa zaidi ya ulichoomba.

Farasi mwenyewe ni wa mke wangu. Nalitaja hilo mapema ili lawama zipate pa kwenda. Alimchukua alipostaafu mbio pale uwanja wa Ngong, maana farasi wa mbio hustaafu akingali kijana, bila kiinua mgongo wala barua ya shukrani. Jina lake Jemadari. Kijijini kwetu watu hufuga ng'ombe wa maziwa, na mnyama asiye na kiwele ni lazima ajieleze. Siku aliposhushwa kwenye lori, jirani yetu Baba Kamau alimzunguka, akainama kutazama chini, akainuka.

"Na huyu anatoa nini?"

"Mbolea," nikamjibu.

Alikuja mweusi tii. Baada ya kukaa kwenye malisho yetu kwa muda, weusi ukaanza kupauka, kwanza mbavuni, halafu shingoni, mpaka ncha za singa zake zikawa za rangi ya mabati yaliyochoka. Baba Kamau akaegemea ua na kutoa uchunguzi wake: "Jirani, farasi wenu ameota kutu."

Alikuwa anatania, lakini daktari wa mifugo, huyu wa kweli mwenye gambuti na kipima moyo, hakucheka alipohadithiwa. Rangi nyeusi ya nywele, alisema, hutengenezwa mwilini kwa msaada wa shaba. Jua nalo hupausha, ila jua la Limuru halina nguvu ya kupausha hata leso. Nusu ya mwaka tunaishi ndani ya ukungu. Akachota kiganja cha udongo.

"Mwalimu, kwa nini udongo huu ni mwekundu?"

Nikamwambia ndivyo tulivyoukuta.

"Chuma," akasema, akapangusa mikono.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwa viwango vilivyotolewa mwaka 2007 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji kila siku miligramu 400 za chuma, 100 za shaba na 400 za zinki. Farasi huyo hula kama kilo 10 za nyasi kwa siku, ukizipima zikiwa kavu. Nyasi zikiwa na miligramu 200 za chuma kwa kila kilo, na hilo si ajabu, keshameza 2,000 kabla hujamwongezea chochote. Mara tano ya haja yake! Tena farasi ana meno ya mbele juu na chini, hukata nyasi hadi shinani, na udongo huingia humohumo. Mwili hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Kikishafyonzwa hukaa, na ghala lake ni ini. Shaba na zinki ndizo zinazopungua, na uwiano wake na chuma ndio wataalamu wa lishe ya farasi wanaouangalia.

Na nyasi zenyewe ni zile zinazoitwa kikuyu, za nyumbani kabisa, asili yake nyanda za juu za Afrika Mashariki, ingawa leo zimetapakaa Australia na Afrika Kusini kuliko jamaa zetu wa ughaibuni. Zina oksaleti, ambayo huishika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Farasi akiikosa muda mrefu, mwili huichomoa mifupani, na mifupa ya uso huvimba. Wafugaji huuita ugonjwa wa kichwa kikubwa. Jemadari tayari ana kichwa kikubwa, lakini cha aina ile ya mastaa waliostaafu, na hicho hakina dawa.

Daktari akataka nyasi zipimwe kwenye maabara Nairobi. Nikakata nyasi pembe zote za shamba, nikazitikisa udongo, nikazitia kwenye mfuko, nikampa kijana wa bodaboda azifikishe kwenye matatu. Jioni nikampigia kumuuliza kama mzigo umeondoka.

"Mzigo gani, mwalimu? Zile nyasi? Nilimpa ng'ombe wa mama. Zilikuwa kidogo, lakini asante sana."

Mfuko wa pili niliupeleka kwa mkono wangu. Mhudumu wa maabara akauchungulia, akaniuliza kama nashuku mtu amezitilia sumu. Nilipomweleza kwamba nataka tu kujua farasi anakula nini, akaandika kwenye fomu: "Nyasi. Za farasi. Mteja yuko sawa." Majibu yalipokuja, chuma kilikuwa miligramu 310 kwa kilo, na shaba ilikuwa haba.

Sasa ikabaki kununua. Nilirudi kwa daktari wa kaunta na karatasi yangu, tukaanza kusoma vibandiko pamoja, yeye akisoma kwa macho ya ujana na mimi nikiishika miwani isianguke. Michanganyiko ya ng'ombe tuliiweka kando yote, kwa sababu mingine hutiwa monensini, ambayo humfaa ng'ombe na huweza kumuua farasi kwa kuuharibu moyo wake. Iliyobaki ilikuwa na chuma, kwa jina lake au kwa jina la bandia. Na hata pale ambapo chuma hakijaandikwa, hakuna uhakika: chokaa na fosfeti zinazotiwa kwa ajili ya kalsiamu huchimbwa ardhini, na mara nyingi huja na chuma chake, kisichohesabiwa kwa kuwa hakuna aliyekitia kwa makusudi.

"Basi chukua jiwe la chumvi," akasema msichana, akinionea huruma. "Hili halina mambo mengi."

Jiwe lilikuwa jekundu. Wekundu huo, kama wa shamba letu, ni oksidi ya chuma, lakini mke wangu alikuwa kwenye simu akiuliza kama nimelala huko dukani, kwa hiyo likaja nyumbani likae mpaka litakapobadilishwa. Jemadari alilifikia kabla ya sisi kulificha. Ana doa jeupe puani. Asubuhi Baba Kamau alimwona akiwa ametoa kichwa nje ya ua, pua hadi midomo imelowa wekundu unaochuruzika, akapiga ukemi uliowatoa watu hadi kituo cha chai. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitoka na taulo na sala. Farasi naye, kuona umati, akadhani amerudi Ngong. Akainua mkia na kukimbia raundi mbili.

Kuanzia hapo mama mkwe akajitwalia kesi yenyewe. Mnyama aliyevuja damu kiasi kile, alisema, lazima arudishiwe. Akachuma thabai kando ya mto, akazichemsha, akaongeza biti. "Baba Njeri, wewe umesoma, lakini damu ni damu." Nikamweleza mambo ya ini na uwiano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama farasi anaipenda supu yake na chumvi au bila.

Mwishowe daktari wa mifugo alituandikia mchanganyiko wake, wa shaba, zinki, kalsiamu na chumvi nyeupe, akaagiza uchanganywe na watu wanaojua kazi hiyo. Kipimo ni gramu chache kwa siku, na mizani pekee ya gramu nyumbani ni ile mke wangu anayopimia unga wa keki. Mama mkwe aliikuta na vumbi la rangi ya samawati kwenye sahani. Niliiosha mbele yake, nikaikausha mbele yake. Kwa siku zote zilizobaki alikula ndizi na mayai ya kuchemsha tu, vitu vinavyokuja na maganda yake.

Jemadari alimaliza chakula chote, akaacha unga wote. Sijui hufanyaje. Midomo ile minene, inayoweza kung'oa kifungo cha koti langu, ilichambua chembe kwa chembe hadi chini ya ndoo pakabaki kifungu safi cha madini. Tulifikiria molasi, daktari akasema ina chuma. Tulifikiria pumba, akasema fosforasi yake itazidi kuibana kalsiamu. Ikabaki lusani iliyokatwakatwa na kulowekwa ili unga ugande, na ndizi mbivu juu yake ya kumpoteza lengo.

Ndizi zikawaita kondoo wa Baba Kamau. Kondoo hawaistahimili shaba; kiasi kinachomfaa farasi hujikusanya kwenye maini yao hadi kiwaue. Jirani alipochungulia dirishani alfajiri aliniona nikiwa na pajama, nimekumbatia ndoo, nikimfukuza dume lake la kondoo kuzunguka tangi la maji, huku farasi akitukimbiza sote wawili kwa kudai kifungua kinywa chake.

Manyoya mapya yaliota meusi. Baba Kamau alikuja kuyapapasa, akayageuza kinyume, akaangalia mizizi yake. Kisha akavua kofia, akaniinamishia kichwa chenye mvi, akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo shaba inaweza kufanya kazi huku pia. Nikamwambia aende akamuulize daktari.

Alienda. Kwa yule wa kaunta. Alirudi jioni na kopo lenye picha ya fahali, akanionyesha maandishi kwa kidole: "Amenipa iliyo bora, jirani. Ina chuma mara mbili."