Sufuria la Shangazi

Siku nilipomwambia shangazi kwamba kazi yangu ni kuandika kodi, aliinuka akaenda kufunga mlango wa genge lake la asali. Alidhani nimetumwa na TRA, mamlaka ya mapato. Ilinibidi nimalize vikombe viwili vya chai na sahani ya michembe kumweleza kwamba kodi hii haina risiti. Ni maagizo tu ambayo kompyuta huyafuata.

"Kwa hiyo unalipwa kuamuru mashine?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na inakutii?"

Hapo ndipo penye msiba wangu. Hainitii.

Nilikuwa likizo Kanyenye, Tabora, nimekaa kibarazani najifunza lugha ya Rust kwa kumwandikia shangazi programu ya kuweka hesabu za wanaomdai na anaowadai. Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, ina kompaila, yaani mtambo wa kugeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, yenye tabia ya mama mkwe: hutoki mpaka ukaguliwe. Kompaila ya lugha ya C hukuacha uende, uanguke mbele ya safari. Hii hugomba ukiwa bado mlangoni.

Na ugomvi wake wote ni wa vitu vya kuazima. Kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inasema, kina mwenyewe mmoja. Ukishamkabidhi mwingine si chako tena; ukikigusa, kosa namba E0382. Kuazimisha ruksa: watazamaji hata kumi, lakini wa kukibadilisha ni mmoja, na akiwa nacho huyo, wengine wote mikono nyuma. Tena azima isiishi kumpita mwenye kitu. Kuyajua hayo haihitaji kuiendesha programu. Inasoma maandishi tu, ikifuatilia kila kitu kimepita mkono wa nani.

Nikiwa katikati ya kuitukana skrini, jirani akabisha hodi. Anaomba lile sufuria kubwa la shangazi, ana hitima. Nikampa, muungwana hamnyimi jirani sufuria. Jioni akaja mwingine. Nikamwambia, "Lipo kwa jirani, pitia ulichukue." Nikarudi kwenye skrini kuendelea kubishana na E0382.

Jumamosi wageni wa posa ya binamu yangu wako njiani, shangazi anataka sufuria. Nikaenda kwa jirani nikitembea kifua mbele. "Si ulisema wewe lichukuliwe?" Nikaenda kwa wa pili. Naye amempa shemeji yake. Tulilikuta Isevya, fundi analikorogea chokaa. Pilau la posa likapikwa kwenye visufuria vitatu, kimoja kikaungua.

Sufuria ni letu, nilikoliacha nakujua, ila ndani yake mna mambo ya watu wengine. Hilo ndilo kosa lenyewe: programu inashika anwani ya mahali ambapo ilikwisha kupaachilia, inakuta chokaa. Microsoft ilisema mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu.

Na njia yetu hii ya zamani ya misafara, ipitayo Tabora kwenda Ujiji, ililijua kosa hilo kabla ya kompyuta. Oktoba 1871 msafiri David Livingstone aliingia Ujiji akiwa hoi, anategemea shehena aliyoletewa. Kwa maelezo yake, Sherifu aliyekabidhiwa shehena hiyo alikuwa amepiga ramli, akaona mzee amekwisha kufa, akaiuza yote. Anwani sahihi, mali hakuna. Mwaka uliofuata Livingstone akakaa miezi kadhaa hapa jirani, Kwihara, kwenye nyumba ya tembe, akisubiri wapagazi wapya.

Usiku ule, kwa hasira za pilau lililoungua, nikatumia neno ambalo Rust imewawekea wenye haraka: unsafe, yaani si salama. Ndani ya uzio wa neno hilo unaruhusiwa mambo machache ya hatari, kama kufuata anwani ambayo kompaila haiwezi kuidhamini. Ukiyafanya nje ya uzio inakukatalia katakata. Ukiyafanya ndani, inakwambia: sawa, ila hapa utajibu mwenyewe.

Ikanyamaza. Nikaona nimeshinda. Asubuhi nikamwita shangazi aone programu yake. Ikaonyesha kwamba anadaiwa madumu bilioni nne ya asali, kisha ikazimika. Nyuki wote wa Tabora wangestaafu kabla ya kulimaliza deni hilo.

Shangazi hakusema neno. Alichukua daftari, akachora safu tatu: kitu, aliyenacho, anarudisha lini. Akaweka kiti chake mlangoni. Tangu siku hiyo hata kijiko hakitoki bila maswali, na hakuna kilichopotea. Mimi nami nikafuta unsafe, nikakaa siku mbili nagombana na kompaila, na hesabu za asali zikakaa sawa. Nimekubali: bora agombaye mlangoni kuliko achekaye njiani.

Sufuria lilirudi. Nawe ukipita Kanyenye ukataka kuliazima, tafadhali usiniulize mimi; muulize aliyekaa mlangoni.