Ng'ombe Mtakatifu

Bibi alishuka mjini Songea kutoka Peramiho kupimwa macho, akamkuta nyumbani kwangu Bombambili mgeni wangu, Mmarekani anayejitolea kufundisha hisabati.

Tulikuwa barazani tunamenya viazi. Ikapita bodaboda imebeba kabati la nguo, na juu ya kabati kakaa mwenye kabati, kuku mkononi. Mgeni akaachia kisu, akaropoka kitu.

"Anasemaje?" bibi akaniuliza.

Ningejibu "ameshangaa" yakaisha. Lakini cheti changu cha Kiingereza kimetundikwa sebuleni, nikaona nitafsiri neno kwa neno.

"Anasema, ng'ombe mtakatifu."

Bibi akatazama barabarani. "Yuko wapi?"

"Hayupo, bibi. Ni msemo tu."

"Wa parokia gani?"

Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na bibi hakosi misa. Watakatifu anawajua na sikukuu zao. Mwenye kwato hajawahi kumsikia.

Usiku nikachungulia simu. Kumbe ni namna ya kukwepa kulitaja bure jina la Mungu: anasingiziwa ng'ombe. Mtangazaji wao wa besiboli, Harry Caray, aliuzoeza ulimi wake msemo huo asije akaponyokwa na tusi hewani. Sisi hatuna woga huo. Salaale! Lahaula! Yesu na Maria! Mama yangu wee! Hata mama akiwa shambani anavuna mahindi, ataitwa tu.

Nikamfundisha mgeni letu moja jepesi: "Makubwa!" Akalishika upesi mno.

Kesho yake tukaenda buchani kununua nusu kilo. Kuona paja zima linaning'inia usawa wa pua yake, mgeni akapaza sauti: "Makubwa!"

Muuza nyama akachangamka. "Mapande makubwa? Hamna shida, ticha!" Shoka likashuka mara tatu, mzani ukasoma kilo mbili na robo. Nyuma yetu foleni inatukodolea macho. Ningeanzia wapi kueleza? Nikalipa, na hela ya luku ikaenda humohumo.

Kwa hiyo tulikula kwa mwanga wa tochi ya simu. Bibi akapiga ishara ya msalaba, akavaa miwani yake mpya, akaliinamia bakuli kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huyu siye yule?"

"Siye, bibi. Huyu wa kawaida."

Akachagua pande kubwa kuliko yote.