Ndege Haipimwi kwa Rangi: Mwongozo wa Abiria Kutoka Isikizya

Ukiwa Isikizya ukaambiwa kesho asubuhi utaondokea Tabora kwa ndege ndogo ya kukodi, swali la kwanza utakalosikia nyumbani ni moja: ni mpya au ya zamani? Mjomba atauliza, jirani atauliza, na kijana wa bodaboda atakayekufikisha uwanjani atauliza pia. Wewe usilitupe swali hilo, ila usilipe kiti cha mbele. Nyuma yake kuna maswali manne au matano yenye uzito zaidi, na mwongozo huu unakufundisha kuyauliza bila haya, hata kama kapteni ana miwani nyeusi na mistari minne begani.

Anza kwa kutazama mbali na rangi. Ndege iliyoundwa 1978 inaweza kupakwa rangi mwezi uliopita na kuwekewa viti vya ngozi vinavyonukia duka. Hapa kwetu tunalijua hilo tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, iliyokuwa ikituama Unyanyembe kupumzika na kubadilisha wapagazi: kilichofikisha mzigo ziwani hakikuwa shuka jipya la mpagazi, bali bega lake na hali ya nyayo zake. Kwa ndege, bega ni mbawa na nyayo ni magurudumu.

Basi muulize rubani, au fundi ukimkuta, namba tatu: imeundwa mwaka gani, imeruka saa ngapi, na imetua mara ngapi. Watu wengi huishia kwenye namba ya kwanza. Hapo ndipo wanapokosea, na kuna ajali inayoonyesha kwa nini. Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, ndege ya mafunzo aina ya Piper Arrow ilikatika bawa la kushoto muda mfupi baada ya kuruka, na wote wawili waliokuwamo wakafa. Ndege hiyo iliundwa 2007. Ukiitazama kwa mwaka ilikuwa kijana wa miaka 11. Lakini ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,600 na kutua zaidi ya mara 33,000, maana wanafunzi hutua na kuruka, hutua na kuruka, mchana kutwa. Chuma cha ndani ya bawa kilichoka, kikapata ufa usioonekana kwa macho, kikakatika.

Ila usigeuke sasa ukasema umri hauna maana. Mwaka uliofuata, Mei 2019, karibu na Mount Isa nchini Australia, Cessna 210 ya 1976 ilikatika bawa ikiwa kwenye kazi ya kupima ardhi kutoka angani, ikaua wawili. Ilikuwa na saa takriban 12,000, na ufa ulianzia kwenye kidoa kidogo cha kutu. Ndege ya kwanza ilichoshwa na kazi, ya pili ikaongezewa kutu. Kwa hiyo kuna swali la nne: ndege hii imelala wapi miaka yote hiyo? Iliyolala Tabora kwenye hewa kavu haifanani na iliyolala miaka kumi kando ya bahari, Mafia au Pemba, chumvi ikiingia kwenye maungio kila usiku. Swali hili huwashangaza marubani, na rubani mzuri hulifurahia.

Utagundua kitu kingine ukichunguza miaka. Ndege ndogo nyingi za injini za pistoni zilizoko viwanja vya Afrika Mashariki ni ama za kabla ya 1986 au za mwishoni mwa miaka ya tisini na kuendelea. Kati ya hapo kuna pengo. Cessna ilisimamisha kuunda ndege hizo 1986 kwa sababu ya mzigo wa kesi za fidia, ikarudi kiwandani baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 1994 iliyoweka kikomo cha miaka 18 kwa kumshtaki mtengenezaji. Caravan yao ya injini ya turbini, ambayo ndiyo utakayoiona zaidi kwenye viwanja vya vumbi vya Tanzania, haikuhusika na usimamishaji huo. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1982 na bado inaundwa. Kwa hiyo Caravan mbili zilizoegeshwa bega kwa bega, zenye sura ileile, zinaweza kupishana miaka thelathini.

Na injini ina umri wake peke yake. Ndege ya zamani inaweza kuwa na injini iliyofunguliwa na kufungwa upya juzi. Injini ya pistoni kwa kawaida huruhusiwa saa kati ya 1,700 na 2,000 kabla ya ukarabati mkubwa, au miaka 12. Ile ya turbini ya Caravan huanzia saa 3,600. Usidhani kwamba iliyotoka karakana jana ndiyo salama kuliko zote. Saa za mwanzo baada ya ukarabati ndizo hufichua bolti isiyokazwa na paipu iliyofungwa vibaya, na mimi ningependa saa hizo zimalizwe juu ya uwanja, fundi akiwa chini anasubiri, kabla ya abiria kupelekwa juu ya misitu ya Ugalla.

Sasa tuipe ndege mpya haki yake, kwa sababu inayo. Tembeza macho ndani. Sheria za Marekani, ambako nyingi ya ndege hizi zinatoka, zilidai mkanda wa begani kwa viti vya mbele kwenye ndege ndogo zilizoundwa kuanzia Julai 1978, na kwa viti vyote kuanzia Desemba 1986. Viwango vya 1988 vikaleta viti vinavyopimwa kwa kugongwa, vijikunje na kumeza kishindo badala ya kukipeleka kwenye uti wa mgongo wa abiria. Hili si jambo dogo kwetu. Ukitoka Tabora kwenda upande wowote, chini yako ni miombo, mininga na mitundu, na mahali pa kutua kwa dharura ni pachache. Ndege ndogo inaweza kugusa mti ikiwa na mwendo wa kilomita 110 kwa saa, na abiria aliyefungwa begani ana nafasi ambayo aliyefungwa kiunoni tu hana, maana wa kiunoni kichwa chake huenda kugonga mbele.

Habari njema ni kwamba mkanda wa begani unaweza kuongezwa kwenye ndege ya zamani. Ndege ya 1975 yenye mikanda ya begani kwenye kila kiti ni ishara ya mwenye mali anayejali. Ambaye hajaiweka kwa miaka hamsini ametuambia jambo kuhusu mengine aliyoyaahirisha.

Ndege mpya ina skrini badala ya saa za duara, ina ramani inayosogea, na mara nyingi ina kifaa kinachopiga kelele mlima unapokaribia. Watengenezaji wa Cirrus wameweka hata parachuti ya kushusha ndege nzima. Lakini usiivulie viatu skrini. Mwaka 2010, bodi ya Marekani inayochunguza ajali ilitoa utafiti wa ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, ikilinganisha zenye skrini na zenye saa za kawaida. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini kiwango chao cha ajali za vifo kilikuwa juu zaidi. Zilitumika zaidi kwa safari ndefu na kwenye hali mbaya ya hewa, na bodi ilisisitiza kwamba marubani wanahitaji kufundishwa kifaa walichopewa. Swali lako basi si kama kuna skrini. Muulize kapteni: ulifundishwa mfumo huu wapi, na lini mara ya mwisho?

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya ajali zetu wenyewe. Tarehe 15 Novemba 2017, Caravan iligonga mlima eneo la Ngorongoro, watu 11 wakafa. Juni 2018, kwa jirani zetu Kenya, Caravan nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikapotelea milima ya Aberdare, kumi wakafa. Zote ziligonga milima ambayo haikuhama, katika nchi ambako wingu hukaa juu ya kilele asubuhi nzima. Na Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria 39 na wahudumu wanne iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua kwenye hali mbaya ya hewa, wakafa 19. Ile ilikuwa kubwa kuliko tunazozizungumzia hapa, nayo iliundwa 2010. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ungeiepuka kwa kuuliza mwaka wa kuundwa pekee.

Tukija kwenye mizigo, hapo abiria wa Tabora ana dhambi yake maalumu: asali. Hakuna anayetoka huku mikono mitupu, na dumu la lita 20 halikosi. Sikiliza: asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 28, siyo 20. Mkiwa wanne na kila mmoja ana lake, mmeleta kilo 112, yaani abiria wa tano mnene, asiyeandikwa popote. Cessna 206 ina viti sita, lakini ikijazwa mafuta kwa kawaida hubakiwa na uwezo usiofika kilo 400, rubani akiwamo. Viti sita si ahadi ya watu sita.

Kisha ongeza joto. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini na mbawa hufanya kazi kana kwamba ziko karibu futi 7,000. Injini ya pistoni isiyo na turbo hapo imeshapoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake, iwe ya 1970 au ya mwaka jana. Ndiyo maana rubani mwangalifu atakuita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akupandishe kwenye mizani, wewe na mkoba wako, na kusema asali moja ibaki. Usimlilie. Mama mkwe wako Dar ataipata kwa treni.

Kwenye karatasi, omba kuona cheti cha ubora wa kuruka kilichotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na uangalie tarehe ya mwisho wake. Namba ya usajili mkiani huanza na 5H kama imesajiliwa hapa. Na ujue kwamba Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyoidhinishwa Tanzania kwenye orodha yake ya wasioruhusiwa kuruka Ulaya, kwa sababu ya mapungufu ya usimamizi na ukaguzi. Tatizo lililotajwa halikuwa umri wa ndege. Lilikuwa kukosekana kwa macho ya kutosha ya wakaguzi wenye ujuzi, na macho hayo ni jambo la kudai kwa wabunge wetu kwa nguvu ileile tunayodai maji na lami.

Bado swali moja, na ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mwambie: “Samahani kapteni, mara ya mwisho umeahirisha safari ni lini, na kwa nini?” Anayekujibu papo hapo, kwamba wiki iliyopita aligeuza njiani kwa sababu ya wingu jeusi upande wa Sikonge, au alikataa kuruka hadi mafuta yachunguzwe maji, panda naye hata kama ndege yake imeundwa kabla hujazaliwa. Anayejibu kwamba hajawahi kuahirisha, mshukuru kwa heshima, chukua dumu lako, ukaulizie basi.

Ukishaamua kupanda na ukapewa kiti cha mbele kwenye Cessna ya zamani, fanya jambo hili kabla injini haijawashwa. Shika kiti kwa mikono miwili, kisukume nyuma kwa nguvu, kisha mbele. Reli za viti hivyo hulika na pini hazishiki. Mwaka 1987 Marekani ilitoa agizo la lazima la kuzikagua, kwa kuwa kiti kikiteleza nyuma wakati wa kuruka, rubani huondoka na usukani mkononi na ndege huinua pua. Kikisogea hata kidogo, mwite fundi. Kisha mwombe kapteni naye asukume chake.